Gari la Ngurumo Limenyamaza

Tangu wamzike mdogo wake, watu walikuwa wakimwogopa Dada. Hakugombana na mtu wala kuinua mkono. Alinyamaza tu, na unyamavu wake ulikuwa kama sufuria iliyofunikwa jikoni: huoni kitu, lakini mfuniko unacheza. Ukimpa pole anakujibu kwamba ameshapoa, kisha anapita, na wewe unabaki unautazama mgongo wake na kujiuliza umekosea wapi.

Jina alilopewa na wazazi lilikuwa limeshasahaulika pale mtaani. Mdogo wake ndiye aliyekuwa akimwita Dada, kwa sauti ya kufika mtaa wa pili, mpaka wazee waliomzidi umri nao wakashika hilo hilo. Yeye alikuwa anashona maturubai kiwandani, kazi ya mikono migumu na macho makali. Mdogo wake alikuwa fundi wa kufunga muziki kwenye magari, na watu walimwita Ngurumo. Gari lake mwenyewe ndilo lililokuwa tangazo la biashara: kigari cheupe, bati limechoka, mlango mmoja hadi uubembeleze ndipo ufunge, lakini ndani ya buti mna sabufa yenye upana wa ungo na amplifaya ya kuilisha nguvu. Likipita, vyombo vya watu vinapeana salamu kabatini.

Sasa gari hilo lilikuwa limeegeshwa uani, halisemi neno. Na Dada alikuwa na hakika kwamba anamjua aliyelinyamazisha.

Alikuwa Koleo, mwenzake Ngurumo kazini. Hao wawili walishirikiana banda moja kando ya barabara kuu, banda ambalo Baba alilijenga zamani alipokuwa akitengeneza baiskeli, kabla hajapooza. Walikuwa mafundi wazuri na wenye midomo. Mteja akiomba afungiwe kaswichi kadogo ka kuzimia besi akiwa karibu na nyumbani, walimcheka hadharani. Walimuuliza anamwogopa nani, mkewe au mama mkwe, na wakamwambia kwamba banda lile halifungi swichi ya waoga. Anayetaka kunong'ona anunue redio ya mkononi. Mteja naye anacheka, analipa, anaondoka na kishindo chake.

Siku ya msiba, ua ulihitajika kwa viti vya waombolezaji. Koleo alichukua ufunguo, akalipeleka gari bandani, na likakaa huko mpaka wageni wote walipotawanyika. Alipolirudisha, Dada aliingia ndani peke yake akawasha redio. Taa za redio ziliwaka vizuri. Vispika vya milangoni vilitoa sauti ya mbu. Akaongeza sauti mpaka mwisho, mbu wakawa wengi, lakini ile besi ya kukutikisa mbavu haikuja. Akafungua buti. Sabufa ilikuwepo, amplifaya ilikuwepo, ila taa yake ndogo ilikuwa imezima. Alisimama pale, mkono juu ya kifuniko cha buti, na wazo likamwingia likakaa: huyu mtu ametoa mashine nzima akaweka mzoga. Fisi haoni haya kula msibani.

Hakumwambia mtu. Alikwenda dukani akanunua kufuli, akalifunga banda, na vifaa vya Koleo vikabaki ndani.

Jumamosi, Koleo akaja. Alikuwa mtu mfupi, mpole wa mwendo, mwenye koleo mfukoni siku zote. Walikuwa wanamtania kwamba hata kitandani analala nalo. Alisimama getini akasema amekuja kuomba vifaa vyake.

"Vifaa vyako viko salama," Dada alimjibu. "Cha mdogo wangu ndicho sijui kiko wapi."

Koleo hakuelewa. Dada akamwelewesha, neno baada ya neno, bila kupandisha sauti, na jinsi alivyozidi kueleweshwa ndivyo uso wa Koleo ulivyozidi kuwa wa kijivu. Mwishowe alicheka, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidonda.

"Mimi, Dada? Mimi nimwibie Ngurumo?"

"Marehemu hasemi. Ndiyo maana nasema mimi."

Akampa sharti lake. Gari liko pale. Alifanye liseme kama lilivyokuwa likisema. Likisema, achukue ufunguo wa banda arudi kazini kwake. Lisiposema, seremala wa ng'ambo ya barabara anakuja jioni ile ile kulichukua banda, walishaongea, na mtaa mzima utaambiwa kwa nini fundi wa muziki amegeuka mzururaji. Koleo alitazama gari, akatazama geti. Mtu mwingine angeondoka na heshima yake iliyobaki. Yeye alitoa koleo mfukoni, akatoa na taa yake ya kupimia, ile yenye sindano mbele na waya nyuma, akafungua boneti.

Dada alisimama juu yake kama msimamizi wa mtihani.

Koleo alianza kwenye betri, kwenye fyuzi kubwa ya waya mnene unaokwenda nyuma. Akaitoa, akainyanyua juani. Nzima. Akaenda kwenye buti, akachomoa fyuzi za amplifaya yenyewe. Nazo nzima. Akagusa sindano mahali umeme unapoingia, taa ikawaka. Akakwangua kutu kwenye bolti inayofunga waya wa hasi kwenye bodi, akapima na hapo, taa ikawaka tena. Kila taa ilipowaka Dada alihisi hasira yake inasogezwa kiti, naye akairudisha palepale.

"Chakula anapata," Koleo alisema, kama anayejisemea. "Huyu hajafa. Kalala."

Dada aliuma meno. Neno lenyewe lilikuwa la kifundi, wanalisema kila siku, lakini lilimpiga pabaya.

Koleo akamwonyesha waya mmoja mwembamba wa buluu. Akasema huu unatoka kwenye redio, na kazi yake ni moja tu, kumwamsha aliyelala. Ukiwasha redio, waya huu unakuja huku nyuma kubisha hodi, amplifaya inaamka, sabufa inapata nguvu. Akawasha redio, vispika vya milangoni vikalia kama mbu, kisha akaugusa ule waya kwa sindano. Taa haikuwaka. Leo, alisema, hakuna anayebisha. Kisha akakata kipande cha waya, na kabla Dada hajauliza anataka kufanya nini, akaunganisha mahali pa umeme na mahali pa ule waya mwembamba, ili abishe hodi yeye mwenyewe.

Sauti ya redio ilikuwa bado imeongezwa mpaka mwisho, tangu siku ile ya mbu.

Kishindo kilichotoka pale hakikuwa muziki. Bati la gari liliruka, kioo cha nyuma kikatetemeka, mbwa wa nyumba ya tatu akalia kama amepigwa jiwe. Koleo alichomoa kile kipande upesi, lakini Dada alishafika mlangoni kwa Baba.

Mzee alikuwa amelala chali kama alivyomwacha. Upande wake wa kulia ulikufa tangu kiharusi, na ulimi ulikuwa mzito. Neno moja kwa siku lilikuwa neema. Juu ya kigoda, maji kwenye kikombe chake yalikuwa bado yanacheza. Lakini macho ya mzee hayakuwa na hofu. Alikuwa anautazama mlango, na mkono wake mzima ameunyanyua kidogo kutoka kwenye shuka, kama mtu anayejiandaa kupokea mkono wa mgeni.

"Kaja?" akauliza.

Dada alishika fremu ya mlango. "Hapana, Baba. Ni fundi tu."

Mkono ukarudi chini polepole.

Hasira aliyotoka nayo humo ndani haikuwa ile aliyoingia nayo. Ile ya kwanza ilikuwa ya Koleo peke yake. Hii ilikuwa na ya zamani ndani yake. Baba alipopooza, Dada alimwambia Ngurumo kitu kimoja tu: ukiingia mtaa huu, zima ngoma yako, kuna kichwa kinachouma humu ndani. Alimwambia wakiwa mezani, kwa upole, tena alimwomba. Na Ngurumo alicheka, mdomo umejaa chakula.

"Nitaizima nikifa, Dada."

Basi. Hakuongeza, wala Dada hakurudia. Kila mchana, Dada akiwa kiwandani, Ngurumo ndiye aliyekuja kumlisha mzee na kumgeuza ubavu. Dada hakuwepo kusikia anaingiaje, lakini alimjua mdogo wake, na kila mchana mashine ya kushonea iliponguruma chini ya mikono yake aliona picha ya maji yakitikisika kwenye kikombe. Kisha mchana mmoja Ngurumo aliegesha gari, akaketi kizingitini kuvua viatu, na hakunyanyuka. Moyo, daktari alisema. Msibani watu walimsifu kwa utii wake kwa mzazi, na Dada aliinuka akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Sasa alirudi uani, akakuta koleo limewekwa juu ya bati la gari. Akalichukua, akalirusha kwa nguvu zake zote. Likapita juu ya ukuta, likatua kwenye paa la jirani, likabiringika, likanasa. Kuku wa jirani walilalamika kwa muda mrefu.

Koleo alilifuata kwa macho. Kisha, kwa mara ya kwanza siku ile, naye akakasirika.

"Umesema liseme, limesema. Mashine ni ile ile, sabufa ni ile ile. Niite mwizi tena, nataka kusikia vizuri."

"Nani aliukata waya?"

"Sijui."

"Gari lilikuwa kwako."

"Lilikuwa kwangu nikilia juu yake," Koleo alisema. "Unadhani niliwasha muziki? Kwa furaha gani?"

Waligombana hapo kwa sauti za chini, kwa ajili ya mzee, na ugomvi wa sauti ya chini unauma kuliko wa kelele. Dada alimwambia kwamba yule anayelia sana msibani ndiye wa kuangaliwa mifuko. Koleo alimwambia kwamba Ngurumo alikuwa akimwogopa kuliko polisi, na sasa anaona kwa nini. Alisema waya ule aliulaza kwa mikono yake mwenyewe, Ngurumo akimmulikia tochi: kipande kimoja, bila kiungo, chini ya zulia upande wa kushoto. Kama hasadiki aje aone. Akafungua mlango, akang'oa ukingo wa zulia kwa vidole kwa kuwa koleo lilikuwa juu ya paa.

Waya ulikuwepo. Lakini haukunyooka kwenda mbele. Karibu na kiti cha dereva ulikata kona, ukaingia katikati ya gari, ukapanda chini ya ngozi nyeusi inayozunguka mti wa gia.

Koleo aliufuata kwa kidole mpaka ulipozama. "Hii si kazi yangu," alisema.

"Kila mwizi ana wimbo huo."

Koleo alitoa wembe kwenye pochi, akaukunjua kutoka kwenye karatasi yake, akaweka kidole kwenye ile ngozi atafute pa kuanzia kuichana. Na hapo Dada alimshika kifundo cha mkono.

"Ngoja."

Alikuwa ameona mshono.

Ngozi ya gia hushonwa kiwandani kwa mashine, kwa uzi mwembamba, na mshono wake ni wa hatua sawasawa, hauna roho. Upande mmoja wa ngozi ile ulikuwa hivyo. Upande wa pili ulikuwa umefumuliwa ukashonwa upya kwa mkono. Uzi ulikuwa mnene, wa kijani kibichi, umepakwa nta. Ulikuwa uzi wa turubai. Ulikuwa uzi wake. Aliukumbuka mpaka siku aliyofungua kikapu chake akakuta kibonge kizima hakipo, na sindano nene pia, akamwuliza Ngurumo, Ngurumo akakiri kwamba amechukua, ana kitu anashona. Kitu gani, hakusema. Dada alimkaripia mbele ya Baba kwamba mikono yake haina adabu, na wakalala wamenuniana.

Aliinama, akaegemeza kiwiko kwenye kiti cha dereva. Hatua moja mbele, nusu inarudi nyuma. Ni yeye aliyemfundisha Ngurumo mshono huo, alipokuwa mtoto mdogo aliyepasua kaptura ya shule akaogopa kurudi nyumbani. Na kwa kuwa alikuwa wa mkono wa kushoto, mishono yake yote ililala upande usio wake, kama nyasi zilizopigwa na upepo wa nyuma. Mwishoni palikuwa na mafundo mawili, moja juu ya jingine. Fundo moja linatosha, alikuwa akimwambia. Naye siku zote anaweka mawili.

Koleo aliurudisha wembe kwenye karatasi yake bila kuambiwa.

Dada alichomoa pini kwenye ukosi wa gauni. Alifumua taratibu, fundo la kwanza, la pili, kisha hatua moja moja, uzi ukitoka mzima, naye akiuzungusha kwenye kidole. Ngozi ilipoachia, ilionekana swichi ndogo nyeusi, ya bei ya chini, ile ya kuzimia taa ya kusomea. Waya wa buluu uliingia upande mmoja ukatokea upande wa pili. Ilikuwa imewekwa mahali ambapo dereva, bila kutoa macho barabarani, angeibonyeza kwa kidole gumba juu ya ngozi, na abiria asione kitu.

Ilikuwa imezimwa.

Koleo alipunguza sauti ya redio mpaka chini. Dada akabonyeza. Kule nyuma, ndani ya buti lililo wazi, taa ndogo ya amplifaya ikawaka, na mgurumo hafifu ukapita chini ya viti. Akabonyeza tena, ukakatika.

"Kafunga swichi ya waoga," Koleo alisema.

Hakuwa anacheka. Alikaa chini, mgongo kwenye tairi. Akasema waliwacheka watu pamoja, mmoja baada ya mwingine, kwa maneno ambayo Ngurumo mwenyewe ndiye aliyeyatunga. Kisha akaenda kujifungia ya kwake peke yake, tena kwa kushona kama fundi nguo, ili mwenzake asijue.

"Angeniambia," alisema. "Ningemcheka siku moja tu, yakaisha."

"Akwambie wewe?" Dada aligeuka. "Wewe? Na mimi je?"

Wakati huo geti lililia, akaingia seremala, futi kiunoni na penseli sikioni, mtu mnene mwenye furaha zisizo na saa. Alikuwa amekuja kwa habari ya banda. Lakini alipoona buti wazi na watu wawili wamenuna kama waliokosana kwenye mirathi, akauliza gari limepona, maana yeye alidhani liliungua kitambo. Dada akamuuliza kitambo gani.

"Si tangu mzee augue," seremala alisema. "Linakuja mchana linapiga, linapiga, likifika kona ya mashine ya kusaga, kimya. Sisi tukasema Ngurumo leo kaungua. Kesho yake tena, pale pale. Tukamtania kwamba kona ile ina jini. Akacheka tu."

"Kila mchana?"

"Kila nilipokuwa barazani nikipiga randa. Mpaka siku ile."

Dada alitoka garini, akasimama. Siku ile pia, basi. Ngurumo alifika konani, kidole gumba kikashuka juu ya ngozi, akaingia mtaani kimya, akaegesha kimya, akaketi kuvua viatu. Na tangu hapo hakuna aliyeigusa. Alikuwa ameizima kabla hajafa, muda mrefu kabla, mchana baada ya mchana, na bado akamwacha dada yake amchukie kwa ajili yake. Kwa nini? Ili aonekane jeuri? Ili mdomo wake usishindwe mezani? Neno moja tu, angesema "nimezima," lingemgharimu nini? Dada alitamani kumkamata ukosi, amtikise, amkaripie mpaka mate yamkauke. Hakukuwa na ukosi wa kukamata. Akapiga teke tairi la gari, mara ya kwanza na mara ya pili, mguu ukamuuma, na maumivu yale angalau yalikuwa na mahali pake.

"Mpumbavu," alisema. "Mpumbavu wewe, si ungeniambia."

Seremala aliangalia futi yake. Koleo aliangalia chini.

Dada alipotulia, alimwambia seremala kwamba banda halipo tena, lina mwenyewe. Seremala alianza kusema walishaongea, tena ameshapima kwa macho. Dada alimtazama, naye akakumbuka ana gundi inakauka dukani. Kisha Dada akafungua fundo kwenye pembe ya khanga, akatoa ufunguo wa kufuli, akauweka kwenye kiganja cha Koleo. Koleo alingoja kidogo, pengine kuna neno litafuata. Neno lilikuwepo.

"Koleo lako liko juu ya paa la jirani," Dada alisema badala yake. "Ngazi iko nyuma ya jiko. Usivunje bati la watu."

Aliporudi na koleo lake, na vumbi la paa magotini, alimkuta Dada ameketi kwenye kiti cha dereva na kikapu chake cha kushonea. Alikuwa anairudisha ngozi mahali pake kwa uzi ule ule wa kijani. Alijaribu kupitisha sindano kwenye matundu aliyoyaacha Ngurumo, na kwa kuwa matundu yalilala upande wa mashoto, ilimbidi ahamishe sindano mkono wa kushoto. Alijichoma zaidi ya mara moja. Mwishoni aliweka fundo moja, akalitazama, akaweka la pili.

Akamwambia Koleo alipeleke gari bandani, liwe tangazo kama mwanzo. Hapa uani litaliwa na kutu. Akishapita kona ya mashine ya kusaga, afanye atakavyo. Mtaa huu, ole wake. Koleo akaitikia kwa kichwa. Akaubembeleza ule mlango mpaka ukafunga, akatoka getini kimya.

Dada aliingia ndani. Baba alikuwa macho. Alikaa kitandani karibu naye, wakasikiliza injini ikipungua. Kisha, mbali, ng'ambo ya kona, besi ikaanza, nzito, ya kuhisi kuliko kusikia. Mzee aligeuza macho, si mlangoni safari hii, kwake. Dada alitazama kikombe juu ya kigoda. Maji yalikuwa yametulia.

"Alikuwa anakuzimia muziki, Baba?" aliuliza. "Ulikuwa unajua?"

Mzee alikunja vidole vyake vizima juu ya shuka, kidole gumba kikabaki peke yake. Akakibonyeza chini, mara moja.

Dada aliinuka akaenda jikoni kuwasha moto. Bado alikuwa amekasirika, na alijua ataendelea kukasirika kwa siku nyingi. Alichagua sufuria kubwa, kwa kuwa Koleo hakuwa amekula, naye angepelekewa chake bandani, akaiweka jikoni kwa kishindo, kisha akakumbuka, akaiinua, akaiweka upya polepole.